Saa Uliyolipia Koekelberg

Mama wangu mupendwa,

Kila Alhamisi uliacha mapema kazi ya kusuka nywele pale Galerie d'Ixelles, huku ugenini, ukaosha mafuta mikononi, tukapanda bus hadi mtaa wa Koekelberg kwa psychologue, mtaalamu wa mambo ya moyoni. Mutuelle ilikataa kumlipa: bima yao ni ya madaktari wa hospitali, si ya madame wa kuzungumza naye tu. Donc ulilipa mwenyewe, mille deux cents francs, elfu moja mia mbili, kwa saa moja, bei ya kusuka vichwa viwili. "Dawa ya huyu ni kusikiliza," uliniambia. "Hiyo haiuzwi pharmacie."

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Kifaransa chako kilikuwa cha bei na salamu tu, kwa hiyo nilikaa katikati yenu nikitafsiri.

Siku ya kwanza ulitazama zulia, ukasema: "Umuambie kama nilimuacha baba yako njiani, wakati wa vita. Alikuwa angali anapumua."

Mimi uliniambia homa ilimuua, mkamzika nikiwa nimelala. Nilikukodolea macho. Kwetu Bukavu mutoto hatoi aibu ya mama yake mbele ya mgeni, na pia nilikuwa nimekukasirikia. Nikamwambia yule madame: "Maman dit qu'elle dort mal." Kwamba hulali vizuri, basi.

Akatikisa kichwa kwa huruma, akakushauri unywe tisane, chai ya majani, jioni.

Alhamisi iliyofuata ulirudia maneno yaleyale, nami nikarudia habari ya usingizi. Mara sita, Mama. Mara ya sita ulicheka vibaya kwenye bus: "Minamuambia nimeacha muntu, yeye ananipa majani ya chai. Bon. Inatosha, pesa inaenda bure." Hukurudi tena. Uliishi miaka minane zaidi, na sikukusikia ukimwambia mtu mwingine.

Naona haya hata kuandika hili. Nilikuacha uamini kwamba mwanamke msomi alisikia habari ya baba akaona inatulizwa na chai. Hakusikia chochote. Niliyesikia ni mimi, na mimi ndiye niliyepaswa kukujibu, hata jikoni, hata kwa maneno mawili.

Nakuaga kwa jibu lililochelewa, unisamehe ukiweza. Siku ulipomuacha baba njiani nilikuwa na miaka kumi, mguu umevimba, siwezi kukanyaga. Ulikuwa na mgongo mmoja tu, Mama, na juu yake nilikuwa mimi.

Mutoto wako