Mafuta ya Ngazi mu Mashini

Mardi, mwezi wa sita

Mafuta ya ngazi, mawese ya kupikia! Mu mashini! Mpaka saa hii hasira haiyaisha.

Asubuhi niliwasha mashini yangu ya kuchonga mbao, nimalizie musalaba ku mulango ya kanisa ya Ruashi. Moteur ikalia, kichwa yake yenye kukata mbao ikakwama katikati, musalaba ikapindama. Mulango imekufa! Kuangalia visi, ile chuma ya kuzunguka yenye kutembeza kichwa, iko nyekundu yote: mafuta ya ngazi, imeganda na baridi.

Ni shemeji Kalala njo aliipakaa, kaka ya bibi yangu, mwenye alikimbia vita kule Kasai. Nilimukalipia mbele ya batoto: "Shemeji, nani alikutuma?"

"Ulisema tangu bafunge barabara, mafuta ya mashini haipatikane," alijibu pole pole. "Kwetu hii haigandake."

Kwetu, kwetu! Nilipangusa ile visi na pétrole mpaka midi, nikatupa bitambaa mu poubelle.

Kisha bibi yangu akaniambia. Ile bidon ya mafuta ya ngazi njo kitu kimoja tu shemeji alitoka nayo kwao. Hata yeye bibi yangu, shemeji alimukatazaka kuipikia. Anaichunga juu ya chakula ya kumaliza kilio, matanga ya mama yao marehemu, siku batarudia kwao.

Nimeenda kuiangalia. Tangu alifika, kizibo ilikuwa ya kufunga na kamba. Leo kamba imekatwa, sababu ya mashini yangu.