Nilichana Vazi la Kuogelea la Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, nimeishiwa nguvu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na saba huu nashona nguo za kuogelea, nilianza na zile zenye mikono na kisketi juu, maana enzi hizo mwanamke kuingia majini mapaja nje ilikuwa balaa, baadaye wasichana wakataka zisizo na mikono, kisha za vipande viwili, na siku hizi wapo wanaotaka za kufunika mpaka vifundoni, nami namshonea kila mtu anachotaka. Binti yangu wa pekee, miaka kumi na saba, alichaguliwa kwenda mashindano ya taifa ya kuogelea, picha yake ikatoka gazetini akiwa na vazi nililomshonea mwenyewe, basi shemeji yangu akaja na lile gazeti sebuleni akasema, "Shemeji, umemvua mtoto nguo nchi nzima imwone," mume wangu akainamisha kichwa bila neno, nami kwa aibu, asubuhi ya safari, nikashika mkasi nikalichana lile vazi binti yangu akinitazama. Hakulia. Aliuliza tu, "Mama, watoto wa wenzako unawashonea, mimi unanichania?" Basi la timu likaondoka bila yeye. Sasa mwezi wa nne anakaa kwa mama yake mdogo, simu zangu hapokei, kuogelea ameacha, na mimi nikikaa kwenye cherehani nainuka bila kushona hata mshono mmoja. Nifanye nini?

Fundi

Dada fundi, pole, lakini sitakubembeleza. Shemeji alisema, mumeo alinyamaza, ila mkasi uliushika wewe. Nguo hizi umezifupisha na kuzirefusha tena kwa mikono yako, kwa hiyo ulijua kuliko wote pale sebuleni kwamba aibu ya watu haikai mahali pamoja. Ulijua, na bado ukachana.

Usimshonee jingine la kumpoza. Jumamosi hii nenda kwa mdogo wako, mikono mitupu, ukiwa na mumeo, naye aseme yale aliyoyameza siku ile. Mwambie binti: nimekosa mimi, wewe hukukosa. Usimtaje shemeji, wala usilie mpaka mtoto ndiye aanze kukubembeleza. Yale mashindano hayarudi, na sitakudanganya kwamba yeye atarudi majini. Huenda asifungue hata mlango. Basi yaseme hapo hapo mlangoni, kwa sauti ya kusikika, urudi nyumbani, na Jumamosi inayofuata uende tena.