Trekta ya Chumvi

Jumatatu, 1 Novemba 1976

Imefika! Zawadi ya Wakristo wa Ulaya kwa kambi yetu ya barabara, hapa Kumsenga. Trekta fupi, nyekundu, na mbele yake bamba la chuma pana kama mlango wa kanisa.

Kitabu chake kimetushinda. Hata Niyitegeka, fundi wetu aliyekimbia Burundi na anayejua Kifaransa, amekigeuza juu chini, wapi! Lakini kina picha: mzungu kavaa koti zito, yuko juu ya trekta kama hii, anasukuma lundo jeupe. Kasian, msimamizi wetu, akatazama na kusema ni chumvi. Nani hajaona malundo ya Uvinza? Na koti? Chumvi ya kwao inachoma ngozi, akasema. Tukakubali wote.

Mimi ndiye karani. Nikapiga chapa ripoti ya kupeleka ofisi ya Kasulu: “Trekta moja, ya kusukumia chumvi, nzima.” Nilijiona msomi kweli.

Jumatano, 3 Novemba

Nimeendesha! Mimi!

Kasian alitangulia, akaingia moja kwa moja kwenye mihogo ya watu. Niyitegeka akasema basi nijaribu mimi, Ernesta, nina miguu mipole. Klachi, gia, bamba chini — twende! Matope ya mlimani, kazi ya siku mbili kwa majembe ishirini, nimeyamaliza kabla chai haijapoa. Vibarua wamekaa pembeni wanatafuna miwa.

Mzee mmoja akauliza mwanamke anafanya nini juu ya chuma. Mama Theodosia, mpishi wetu, akamjibu: “Anafanya yaliyokushinda wewe.” Kasian kasema kuanzia leo dereva ni mimi. Dereva! Nimecheka peke yangu mpaka mbavu zinauma.

Jumamosi, 6 Novemba

Mikono inanuka dizeli. Sinawi. Raha tupu!

Jumanne, 9 Novemba

Barua kutoka kwa Ndugu Cleophas, afisa, Kasulu. Kwa kuwa trekta ni ya chumvi, barabarani haina kazi. Alhamisi atakuja na lori, ipelekwe Uvinza. “Kama mlivyoeleza wenyewe.”

Wenyewe! Ni mimi! Mdomo huponza kichwa, mimi nimeponzwa na vidole. Siku sita za udereva, basi.

Nimelia. Mama Theodosia alipoelewa kisa chenyewe alicheka mpaka akamwaga maharage. Nikamwangalia, nami nikacheka na machozi yangu. Lakini inauma. Naipenda ile trekta.

Alhamisi, 11 Novemba

Siamini! Niandike haraka.

Saa sita mchana lori bado. Wingu jeusi, kisha mvua ya mawe — mabati yakalia hata tukawa hatusikilizani. Ilipokatika, nje kweupe! Kule kwenye kona ya bonde maji yameyakokota mawe yote, yamejaa barabara, yanafika magotini. Niyitegeka akatoka mbio: “Urubura! Yampaye inka!” Ndiyo barafu, kwa Kirundi chao. Akakimbilia kile kitabu. Tukatazamana. Si chumvi! Wale wazungu wanasukuma barafu!

Akaja Pasikali, mwenye baiskeli, baiskeli iko begani. Lori la Kasulu limekwama ng’ambo ya kona, magurudumu yanazunguka bure, afisa anatukana mbingu. Kasian akaninong’oneza: “Mwache huko huko, mwanangu. Tutabaki nayo mpaka kesho.”

Kweli. Lakini bamba lile na barafu ile! Nani akae ndani siku kama hii? Nikapanda. Bamba chini. Loo! Mawe yanajikunja mbele yangu, yanamwagika bondeni, shwaaa! Vibarua wanakimbia nyuma wakirushiana. Niliimba, wimbo wenyewe sijui. Nikasahau kabisa kwamba ninamfungulia njia mtu anayekuja kuninyang’anya.

Ndugu Cleophas alikuwa amesimama na viatu vyake vya ofisini, vimelowa. Akauliza, hii ndiyo ya chumvi? Nikamchotea konzi moja: “Onja, Ndugu.” Akaonja! Akacheka hadi akashika lori. Nikamweleza ripoti niliikosea mimi. Akaomba aendeshe kidogo. Kidogo gani! Mara nne kwenda na kurudi, koti kavua, suruali kakunja. Dereva wa lori ameshashusha mbao za kupandishia, anamwita. “Mara moja tu!” anajibu.

Sasa ameshuka. Jua limetoka, barafu inayeyuka tunaiona. Anasema moyo wake unataka iachwe hapa, ila hawezi kurudi Kasulu mikono mitupu bila sababu. Nikasema matope. Akasema matope yana majembe. Kisha akauliza: barafu kama hii, kwenu huanguka mara ngapi kwa mwaka?

Nina miaka ishirini na sita. Sijawahi kuiona hata mara moja.

Nikamwambia, ngoja Ndugu, kumbukumbu zote za mvua zimo daftarini mwangu. Ndiyo maana naandika hapa, nimekaa juu ya bamba, nakunja uso, nahesabu kwa vidole visivyohesabu kitu. Kasian anakohoa. Niyitegeka kageukia bondeni, mabega yanamtikisika. Uongo mmoja umeileta safari hii ya Uvinza, wa pili je? Mungu wangu, kicheko kinanibana!

“Umefikia mwaka gani?” anauliza. Sabini na tatu, namjibu. Anakuja kusoma mwenyewe. Nafunua ukurasa mwingine upesi, asiyaone ha—