Kidole Kilichokunjwa

Msambweni

Mjukuu wangu Bakari, mume wangu,

Salamu zako za huko Mackinnon Road zimenifikia, alhamdulillahi. Sisi tu wazima, ila mamako anasumbuliwa na mgongo, na mvua hatujaiona.

Kumbe nawe umeshikwa na mapenzi ya kuwapiga picha ndege! Umeniuliza kuhusu ile picha ya zamani uliyoitoa sandukuni: ndege yule ni nani, na ule mkono pembeni ni wa nani? Ndege ni mdiria. Mkono ni wa marehemu babu yako.

Siku ile, ndoa yetu ingali changa, nilimpokonya kamera nikamwambia, "Leo nakupiga wewe." Akacheka. Mara akamwona mdiria ametua juu ya kaburi. "Mpige huyo, Mwanasha, ataruka!" Akanionyesha kwa kidole alichokikunja, maana kaburi halinyoshewi kidole. Nikaigeuza kamera. Nikadhani yeye nitampiga kesho, kwani anakwenda wapi?

Picha za ndege ametuachia kasha zima. Yake ni huo mkono tu, na uso wake siku hizi naukumbuka kwa taabu.

Ukija Idi na kamera yako, ndege wasubiri kidogo. Mpige mamako kwanza. Kisha nitakupeleka makaburini nikuonyeshe babu yako alipolala. Na kidole nitakikunja, kama yeye.

Ni mimi bibi yako,
Mwanasha