Viti Vyepesi vya Merina

Mpendwa Mama Skolastika, naomba msaada wako maana hata chakula hakipiti, mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mwandiga, na tangu mwaka jana nafanya kazi na Merina, mwanamke aliyevuka ziwa kutoka Uvira akikimbia vita, ana kibali cha kuishi nchini na anakaa kwa mjomba wake Ujiji, kwao alikuwa akifanya kazi ya vyuma na baba yake.

Zahanati moja ilileta gari lake, viti vya nyuma vilikuwa vizito hata kumlaza mgonjwa ilibidi wanaume wanne wavitoe kwanza, basi Merina akachora kwa chaki sakafuni, akaacha nondo akachukua bomba jembamba, akakunja kingo za bati ili lisipinde, akatoboa matundu pale pasipobeba uzito, na kiti kilipokamilika akakinyanyua kwa mkono mmoja huku anacheka, miaka ishirini ya ufundi sijaona akili kama ile.

Wiki iliyofuata nesi Agnesi wa zahanati ile akaitwa kwa mama mwenye uchungu, dereva akiwa ameenda kutafuta maji ya rejeta yeye akatoa viti peke yake, dereva aliporudi wakamlaza mama, wakafika hospitali, mama na mtoto wazima, nesi akaja kushukuru, "Fundi, hii kazi ni yako?" na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Ni yangu," na Merina amesimama pale pale na brashi ya waya mkononi.

Sasa wanataka viti vya magari mengine matatu, nikajaribu kimoja kwa siri, nikatoboa ovyo, nilipokikalia mguu wake ukakatika, nikamwendea Merina anisaidie, akasema, "Sina hasira, fundi. Lakini mgonjwa akianguka, utamwambia nini?" Nifanyeje, mama?

Pastory, Mwandiga, 1998

JIBU

Pastory, pole, ila pole yangu ni fupi. Huyo Merina amepoteza nyumba na nchi, amebaki na ufundi wake, nao ukautia mfukoni mwako mbele ya macho yake! Halafu sifa zote hizi unaniandikia mimi nisiyemjua. Umekosea anwani.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha mashine, mwombe Merina radhi, na usitie neno "lakini". Kisha nendeni wote wawili zahanati, umwambie nesi Agnesi kwamba uliongopa. Utaona haya, vumilia. Viti vya magari hayo matatu apime na kuchora Merina, wewe uchomelee, na kisitoke hata kimoja kabla hamjakikalia.

Merina, kama unasoma hapa: nimepanda magari ya Kigoma miaka mingi, sikujua kama kuna mtu anakaa akiwaza jinsi ya kukipunguzia kiti uzito bila kukipunguzia nguvu. Hongera sana, mama.

Nawe Pastory, mkirudi karakana, mwulize kwa nini alitoboa pale alipotoboa. Halafu nyamaza, umsikilize.