Nani Anachaji kwenye Waya wa Marehemu?

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana dada yangu ameshanicheka hadi akashika mbavu, na nakuandikia mchana kweupe, mlango wazi, kwa sababu ikifika jioni hata uzi siwezi kuupitisha kwenye sindano, nami ni fundi cherehani, ndiyo kazi inayonilisha.

Mume wangu alikuwa fundi simu. Amefariki mwaka huu, aliugua ghafla kibandani kwake, mama yake ndiye aliyemkimbiza hospitali, mimi nilipofika nikakuta yameshaisha na mama mkwe kakaa kwenye benchi kakumbatia mfuko wa vitu vyake, viatu, saa, funguo, ila simu sikuiona, nikajua wameshaiiba, watu hawana haya hata kwa maiti. Tangu hapo tunaishi wawili, mimi na mama mkwe, na sebuleni imebaki ile chaja yake ya kasi, kubwa, yenye matundu manne, aliyoiweka juu ya kabati na kuringa nayo, kila mgeni lazima aonyeshwe. Kwenye tundu la mwisho kuna waya wake mweupe, mrefu, unashuka nyuma ya kabati upande wa chumba cha mama na kupotea huko, na mimi sijaugusa, mshauri, sijaugusa hata kwa kufuta vumbi, maana ni yeye aliyeuchomeka kwa mkono wake.

Sasa sikia. Mchana nikichomeka simu yangu inaandika "inachaji kwa kasi", vizuri kabisa, lakini ikifika jioni, ule wakati aliokuwa akirudi kazini, simu inaacha kuchaji yenyewe, kimya kidogo, halafu inalia tii kana kwamba mtu kaichomeka upya, na yale maneno ya kasi yamefutika, umeme unaingia kwa kudonadona tu. Hivyo hivyo ndivyo ilivyokuwa akiwa hai! Alikuwa akiingia, anavua viatu, anachomeka simu yake, ya kwangu inalia tii, namwambia we mwanaume umeninyang'anya umeme wangu, naye anacheka, anasema tugawane, mke wangu, tugawane. Sasa inalia na hakuna aliyeingia. Mlango haujafunguka, pazia halijatikisika, niko peke yangu na cherehani, na kitu kimekaa pembeni yangu kinakula nusu ya umeme.

Tena nimeanza kumsikia. Ndani ya ukuta. Anakohoa kile kikohozi chake cha kusafisha koo, halafu anasema maneno nisiyoyashika, chinichini, kama mtu anayehesabu, na sauti ni yake, siwezi kuisahau, maana alikuwa na tabia ya kujirekodi akifungua simu za watu ili asisahau skrubu ipi imetoka wapi, na ndivyo alivyokuwa akiongea, polepole, anataja moja moja.

Mwanzo nilikimbilia nje pekupeku, majirani wakadhani nyumba inaungua. Siku hizi nimezoea, na kuzoea huko ndiko kunakonitisha zaidi. Simu ikilia nasema karibu, mume wangu, namvutia kiti chake, namwekea glasi ya maji. Mama mkwe alipenda kutoka chumbani kwake jioni na kukalia kile kiti, nikamwambia mama, hapo usikae, kina mwenyewe, akaniangalia, akachukua kikombe chake, akasema haya, mwanangu. Tangu siku hiyo jua likianza kushuka anaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Na nikwambie kitu, mshauri, huyu mama hajalia. Mwanawe wa kumzaa! Siku ya mazishi mimi nilizimia, yeye alikuwa anagawa vikombe. Nimemlalamikia shemeji, ndugu wa mume wangu, naye amesema atakuja Jumamosi na gari amchukue mama akaishi kwake, maana mimi siwezi kukaa na mama asiyemjali mwanawe na marehemu anayerudi, wote katika nyumba moja.

Dada yangu anasema niuchomoe ule waya, yaishe. Nimeunyoosha mkono mara nyingi, ukifika karibu naurudisha. Nikiuchomoa na simu yangu ikarudi kwenye kasi, basi nitakuwa nimemfukuza mume wangu nyumbani kwake kwa mkono wangu mwenyewe, na ataenda wapi? Nisipouchomoa nitarukwa na akili. Na usiseme nasikia vitu vya mtu mwingine, juzi mama alikuwa kliniki, nyumba nzima tupu, na simu ikalia tii vilevile. Niambie nifanye nini kabla ya Jumamosi.

Ni mimi, Mke wa Fundi.

*

Mke wa Fundi,

Marahaba, mwanangu. Pole. Hiyo pole ipokee kwanza, maana nikishaanza kukugombeza hutaisikia.

Barua yako ilinifanya niitazame chaja ya hapa mezani kwangu kwa jicho baya. Nikasema ngoja nijaribu. Nilichomeka simu yangu, ikaandika kasi. Nikamnyang'anya mhariri wangu ya kwake, nikaichomeka tundu la pili. Tii! Ya kwangu ikakata, ikarudi, ikawa ya polepole. Nilipoichomoa ya mhariri, kasi ikarudi. Mhariri akaniuliza kama leo sina kazi.

Chaja za aina hiyo ndivyo zilivyo. Kifaa kikiwa kimoja kinapewa umeme wote. Kikija cha pili, chaja inavikatia vyote kidogo, inakiuliza kila kimoja upya kinataka kiasi gani na kinaweza kubeba kiasi gani, ndipo inagawa. Huo mkato ndio tii yako. Basi nikajaribu na waya mtupu, usio na kitu mwishoni. Nilisubiri, kimya. Simu yangu haikushtuka hata kidogo. Waya mtupu hauombi kitu, kwa hiyo haupewi kitu. Umenielewa? Jioni, kwenye ncha ya ule waya usiotaka kuugusa, kuna kitu kinachomekwa. Na kuna mkono unaokichomeka.

Sasa nikuulize. Mfuko wa vitu pale hospitali aliushika nani? Nyuma ya kabati ni chumba cha nani? Nani anafunga mlango wakati huohuo simu yako inapolia? Yote umeyaandika wewe, kwa mkono wako, halafu unaniuliza mimi niliye mbali!

Simu ya mumeo haikuibiwa. Iko kwa mama yake, na ule waya umepenyezwa ukutani hadi chumbani kwake. Na kwa ninavyowajua mafundi simu, ya kwake ndiyo ilikuwa mbovu kuliko za wateja wote, betri imechoka, bila waya haiwaki. Kwa hiyo kila jioni mama anaichomeka, anakaa gizani kwake, anamsikiliza mwanawe kwenye zile rekodi zake, akikohoa na kutaja skrubu. Unataka kujua kwa nini hakukwambia? Angekwambia saa ngapi, na wewe umemwinua kitini? Umemwekea maji mtu asiyekunywa, ukamnyima kiti mama aliyemzaa. Jamani! Na unasema hakulia. Wewe ulizimia, mwanangu. Mtu mmoja ilibidi abaki amesimama agawe vikombe. Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikatoka nje kupunga upepo, kwa hasira, na kwa huruma pia, sitakuficha.

Waya usiuchomoe. Hutamfukuza mumeo, utamkata sauti mikononi mwa mama yake.

Mpigie shemeji leo, usingoje kesho. Mwambie Jumamosi aje kusalimia tu na gari lirudi tupu. Mama akiondoka na simu ile, tii itanyamaza, nyumba itanyamaza, nawe utakaa humo miaka ukiamini mumeo amekususa. Huo ndio upweke ninaokuogopea mimi, kuliko hivyo vitisho vyako.

Umeniuliza na ile siku ya kliniki. Huenda simu ilibaki kwenye waya. Simu iliyochoka hushiba, ikalala, ikazinduka na kuomba tena. Huenda. Mimi sikuwepo, na sitajifanya najua kila kinachotokea kwenye nyumba ya wafiwa jioni. Hilo liache lilivyo.

Leo ukisikia tii, usiseme karibu. Glasi ya maji iache kabatini. Kinyanyue kile kiti, kibebe, piga hodi kwa mama. Akichelewa kufungua subiri, anaficha. Ukiingia, weka kiti karibu na kitanda chake, ukae wewe. Usimnyang'anye simu na usimuulize kwa nini. Mwombe tu arudishe nyuma, mwanzo kabisa, kwenye skrubu ya kwanza.