Bega la Mzee Nondo

Kitangari, Newala
12 Novemba 1998

Kaka Optatus,

Shikamoo. Mikorosho imezaa vizuri, na siku hizi wanunuzi wanakuja na magari yao mpaka mlangoni. Maji bado tunayafuata bondeni.

Banda la video la January limegeuka duka la simenti. Nilipopita pale nikakumbuka tulivyokuwa tukilipa kiingilio kwa ndoo moja ya maji, wewe umejitwika, mimi na Baba tunakufuata, kwenda kuangalia mieleka. Unamkumbuka Mzee Nondo, yule mwanamieleka wa ndevu nyeupe na kaptula nyekundu? Mkanda wa video ulikuwa uleule, na kila Jumapili alibanwa mabega chini akahesabiwa mpaka tatu. Baba alikuwa anasimama kabisa: "Nyanyua bega, mzee mwenzangu! Leo utaweza!" Aliamini kila Jumapili wanapigana upya.

Halafu wewe ukamcheka mbele za watu, ukamwambia ni mkanda tu, tena maigizo matupu. Hakukanyaga tena bandani, na wewe ukahamia Masasi.

Kaka, Baba amepooza upande wa kushoto tangu mwezi uliopita. Alinikataza kukuandikia. Lakini jana nikimwogesha aliniuliza, "Hivi Nondo alishinda mwishowe?"

Njoo. Usianze na kuomba radhi, atanuna. Kaa karibu yake, umwambie kwamba Jumapili iliyopita, huko kwenu Masasi, pale Mkomaindo, ulimwangalia Nondo, na safari hii alinyanyua bega.

Mdogo wako anayekungoja,
Dominika